Jeneza Mbele ya Lango la Marijani

Kwa miaka mingi hapana mwanamke aliyefariki Kidungwi asipite mikononi mwa Mwanakheir. Yeye ndiye mwosha maiti wa mji huo mdogo wa kusini ya Unguja, si mbali na Kizimkazi. Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake, na hapokei kitu kwa ajili yake. Riziki yake ilikuwa mwani. Maji yakitoka, hushuka pwani na shoga yake Saadiya, kamba begani, na hurudi nguo zimeganda chumvi hadi kiunoni. Ni mwanamke mrefu, mkavu, mjane asiye na mtoto, na watu humjua kwa jambo moja zaidi: akishasema neno, hageuki.

Borafya alilijua hilo kuliko wote. Mama yake Borafya, Bi Mwanamwema, alikuwa mama mdogo wa Mwanakheir, na mama yake Mwanakheir alipofariki ndiye aliyemchukua akamlea. Watoto hao wawili walikula sahani moja na kulala mkeka mmoja. Borafya alimwita dada tangu anajifunza kusema, na hata alipokuwa mtu mzima, mwenyekiti wa kamati ya ardhi ya Kidungwi, mwenye kalamu mfukoni na simu mbili mkononi, akiingia kwake huvua viatu mlangoni na kuuliza, "Dada, umebakisha nini chunguni?"

Ndipo ukaja mji mpya.

Ulianza kwa vijiti vilivyopakwa rangi nyekundu, vikachomekwa kwenye maweni nyuma ya nyumba za watu, pahala pa kukata kuni na kufunga ng'ombe. Baada ya vijiti wakaja watu na ramani, wakaitandaza juu ya boneti ya gari. Walikuwa na maneno mazuri. Walisema Mji Mkongwe ulijengeka kila mtu na akili yake, ukuta ukakutana na ukuta, vichochoro vikapita palipobaki, na leo mvua ikinyesha maji hayajui pa kwenda. Wao mji wao watauchora kwanza wote, njia, mifereji, skuli, soko, hata miti, ndipo watie tofali la mwanzo. Utaitwa Marijani, na watu wa Kidungwi watakuwa wenyeji wake.

Wanaume waliyapenda maneno hayo. Wanawake waliuliza mambo mawili tu: pwani yao ya mwani itakuwa ya nani, na makaburi. Makaburi ya zamani ya Kidungwi yalikuwa upande wa bahari, chini ya mikunazi. Jaku, mume wa Mwanakheir, alikuwa amelala hapo. Mzee Mabrouk, baba yake Borafya, pia alikuwa hapo. Kila nyumba ilikuwa na mtu wake, na wanawake walisema wazi kwamba hawatakubali mpaka wayajue hayo.

Borafya akamwendea Mwanakheir jikoni.

"Dada, wanawake wanakusikiliza weye," alisema. "Waambie ukuta hauvuki njia ya pwani. Makaburi yatabaki nje, na mwani wenu mtalima pale pale."

"Umeiona ramani weye mwenyewe?"

"Nimeiona. Nimekaa nao mjini, wamenionesha njia kwa njia."

"Apa."

Borafya hakusita. Aliapa kwa kaburi la baba yake.

Mwanakheir akazunguka nyumba kwa nyumba, akawaambia wanawake maneno yale yale. Walimwamini, maana hawakuwahi kumsikia akisema jambo lisilokuwa. Kidungwi ikakubali kwa kauli moja, na malori yakaingia.

Mji ulikua haraka. Kwanza barabara nyeupe ya kifusi, halafu mashine za kuvunja mwamba zilizotikisa vikombe makabatini, halafu nyumba za ghorofa zilizopakwa rangi ya mchanga, na njia zilizopewa majina ya viungo: Mtaa wa Mdalasini, Mtaa wa Hiliki. Vijana wa Kidungwi walipata kazi ya kubeba zege na wasichana wakapata ya kufagia. Ukuta ulijengwa mwisho. Ulitoka maweni, ukaja taratibu nyuma ya nyumba, ukafika kwenye njia ya pwani, na haukusimama. Uliivuka, ukateremka hadi kwenye mchanga, na siku mafundi walipomaliza, mikunazi ilikuwa ndani na watu wa Kidungwi walikuwa nje. Vigingi vya mwani viling'olewa kwa mashine moja, kwa sababu wapangaji wa Marijani walitaka pahala safi pa kuogelea.

Jioni ile wanawake walikuja uani kwa Mwanakheir. Hawakumtukana. Saadiya, aliyelima naye mwani tangu ujana wao, akasema, "Ulitwambia weye." Kisha wakaondoka.

Borafya wakati huo alikuwa hayupo tena Kidungwi. Alikuwa amehamia mjini, amepata nyumba Malindi na duka la vifaa vya umeme Mlandege. Waliomfuata aliwaambia kwamba wakubwa walibadilisha ramani nyuma ya mgongo wake, na kwamba yeye amedanganywa kama wao. Wanaume wengi walimkubalia. Mwanakheir pia alitaka kumkubalia. Kwa muda alijilazimisha.

Ikaja sikukuu ya Mfunguo Mosi. Kama ilivyokuwa ada yake kila Idi, alichukua birika la maji na matawi ya rehani, akenda kumzuru Jaku. Alifika kwenye lango la Marijani, na mlinzi, kijana wa kutoka bara mwenye adabu zake, akamzuia.

"Shikamoo mama. Unakwenda kwa nani?"

"Marahaba. Kwa mume wangu."

"Anakaa nyumba namba ngapi?"

"Hakai nyumbani. Yuko pale chini ya mkunazi."

Kijana alitazama alikoelekeza, akatazama birika, akaelewa, akaona haya. Alisema lazima awe na ruhusa ya ofisi, na ofisi imefungwa kwa ajili ya sikukuu. Mwanakheir aliuliza ni nani aliyeweka sharti hilo. Kijana akajibu kwamba hajui, ila aliambiwa kamati ya kijiji ilikubali.

Kamati ya kijiji. Mwenyekiti wake alikuwa Borafya. Nyuma ya lango aliona watoto wa wageni wakiendesha baiskeli kwenye kijia cha kokoto nyeupe kilichopita kandokando ya makaburi. Akayamwaga maji pale pale langoni, akarudi nyumbani, akaikunja nguo yake ya Idi akairudisha sandukuni.

Kuanzia siku hiyo hakumtaja tena Borafya kwa jina. Alimwita "yule". Alipokuwa akipepeta mchele, akisuka ukili, akimsugua maiti miguu, alikuwa akimfikiria yule. Hakutaka afe. Kufa kungemfanya marehemu, na marehemu husamehewa. Alitaka aishi, afya tele, na aone.

Alianza kwa harusi.

Borafya alikuwa akimwoza binti yake mkubwa, Badria, kwa kijana wa Kiarabu wa Mji Mkongwe, mtoto wa watu wenye jina. Harusi ya namna hiyo hupimwa kwa watu. Upande wa bwana harusi ungekuja na ukoo mzima, na Borafya alihitaji wa kwake wajaze upande wao, wapike, waimbe, wapige vigelegele, waonekane. Alituma mabasi mawili Kidungwi.

Mwanakheir alikwenda nyumba kwa nyumba mara ya pili. Safari hii hakuwa na maneno mengi. "Mara ya kwanza nilikuja na kauli yake," alisema. "Leo nimekuja na yangu. Asiende mtu." Baadhi ya wanaume walinung'unika kwamba harusi haina makosa, kwamba mtoto hana hatia. Wake zao waliwatazama, na wanaume wakakumbuka kazi walizokuwa nazo mashambani.

Mabasi yalingoja chini ya jua, madereva wakapiga honi, na yakarudi matupu. Matupu, kasoro mtu mmoja. Mwanakheir alipanda basi la mwanzo, amevaa buibui lake jipya, amejifukiza udi, akakaa kiti cha mbele.

Ukumbi ulikuwa Malindi. Upande wa bwana harusi wanawake walikuwa wamebanana, dhahabu hadi viwikoni. Upande wa bibi harusi viti vilikuwa vimepangwa safu kwa safu, vimefungwa vitambaa vyeupe, na katikati yake Mwanakheir akakaa peke yake. Wageni walianza kunong'onezana. Mama yake bwana harusi aliuliza kwa sauti ya upole iliyosikika kote, "Kwani hawa hawana watu?"

Borafya alimwita nje, uchochoroni. Jasho lilikuwa limemlowanisha kanzu.

"Dada, wako wapi?"

"Nani?"

"Watu wetu. Mtoto wangu anaadhirika mle ndani."

"Watu wetu wako nje ya ukuta," Mwanakheir alimwambia. "Mimi nimekuja mmoja ili uwe na wa kukuhadithia kwamba tulipata khabari."

Alirudi ndani, akala sahani yake ya biriani mpaka mwisho, akamwombea bibi harusi dua, akaondoka. Ilikuwa dua ya kweli. Badria hakumkosea. Alikuwa mtoto mwenye haya aliyekuwa akija kwake kusukwa nywele, akimwita shangazi. Kwenye gari la kurudi shamba Mwanakheir aliukumbuka uso wa yule mtoto chini ya shela, na kwa kitambo kidogo furaha yake iliingia dosari. Halafu alikumbuka birika la maji langoni, na furaha ikarudi.

Lakini haikumtosha. Borafya aliumia, akanyamaza, na maisha yake yakaendelea. Biashara Mlandege ilikuwa nzuri. Kila Ijumaa alikuja kumwona mama yake kwa gari, akaingia Marijani kwa kadi yake kunywa chai na wakubwa, akatoka. Bi Mwanamwema alikuwa amekataa kuhama Kidungwi. Nyumba yake ilikuwa inalitazama lango la Marijani moja kwa moja, njia tu ikipita kati, na bibi huyo alishinda barazani akiangalia magari yakiingia na kutoka. Mwanakheir ndiye aliyempikia, akamwogesha, akampaka mafuta miguu iliyovimba. Kwake hakuwa na kinyongo. Alimpenda kama alivyompenda mama yake mzazi. Hawakuzungumza kuhusu Borafya. Bibi alikuwa mama, na alijua pa kunyamaza.

Mwishoni mwa masika Bi Mwanamwema alianza kukataa chakula. Asubuhi moja, Saadiya akiwa amekuja kumjulia hali, aliomba ainuliwe.

"Mwanakheir."

"Naam, mama."

"Mimi nshachoka. Nnataka nizikwe ubavuni mwa Mabrouk. Pahala pangu aliniachia." Alipumzika. "Mwambie mdogo wako. Mwambie aanze kuomba njia sasa hivi, wale wana mambo yao mengi. Asingoje siku yenyewe."

"Nimesikia, mama."

Saadiya pia alisikia. Walipotoka barazani alisema, "Mpigie simu leo," na Mwanakheir akatikisa kichwa kama mtu aliyekubali.

Hakumpigia. Ijumaa Borafya alikuja, akakaa kitandani kwa mama yake aliyekuwa amelala usingizi mzito, akamshika mkono, akalia kidogo. Wakati wa kuondoka alisimama mlangoni.

"Dada, kuna kitu kasema? Kuna kitu anataka?"

Mwanakheir alikuwa ameshika bakuli la uji. Alimtazama usoni yule mtu aliyemjua tangu ana meno ya utotoni. Alijua kwamba neno moja hapo, na Borafya angevuka njia, akaingia kwa kadi yake, akakaa na wakubwa, akabembeleza siku tatu, nne, na labda wangempa. Kimya kimya, bila ya mtu kujua.

"Anataka maji," alisema. "Nshampa."

Ijumaa iliyofuata haikumkuta Bi Mwanamwema. Alifariki Jumatano asubuhi, kichwa chake mapajani mwa Mwanakheir.

Habari ilienea, na safari hii Kidungwi ilikuja yote. Bi Mwanamwema alikuwa wa kila mtu. Kutengwa kwa mwanawe hakukumhusu. Wanaume walikwenda kuchimba kaburi kwenye makaburi mapya, kiwanja cha mawe matupu nyuma ya kituo cha umeme ambacho Marijani iliwapa badala ya yale ya zamani. Huko hapachimbiki kwa jembe. Walitumia mitaimbo, na milio ya chuma kwenye mwamba ilisikika mpaka nyumbani. Borafya alifika kutoka mjini na Badria, macho yamemwiva.

Mwanakheir alimwosha mama yake mdogo. Alifunga pazia, akatia majani ya mkunazi kwenye maji, akaanza upande wa kulia, taratibu, kama alivyofundishwa. Saadiya alikuwa akimmiminia. Alimsafisha kucha, akamsuka nywele zake chache nyeupe mikia mitatu, akamtia kafuri, akamvisha sanda. Mara moja tu, alipokuwa akimfunika uso, alisema kwa sauti ndogo, "Niwie radhi," na Saadiya alidhani ni maneno ambayo mwosha humwambia kila maiti.

Wanaume walipolitoa jeneza mlangoni, Mwanakheir alitoka nyuma yake akasimama barazani. Aliinua sauti, na watu hawakuwa wamezoea kuisikia juu.

"Mzee Ayoub, subiri. Maiti kaacha wosia."

Mzee Ayoub, imamu wa Kidungwi, aligeuka. "Wosia gani, bibi?"

"Kasema azikwe ubavuni mwa mumewe. Chini ya mikunazi. Kanambia mimi, na Saadiya kasikia."

Macho yote yalimwendea Saadiya. Alimtazama Mwanakheir kwa mshangao, kisha akaelewa kwamba hakupiga simu, na uso wake ukabadilika. Lakini hakuweza kusema uongo juu ya maiti. "Kasema," alijibu.

Mzee Ayoub alifikiri, mkono kwenye ndevu. "Ikiwezekana, itimizwe. Mwanawe yuko hapa, na mwanawe ndiye anayejuana na wale. Tukamsalie kwanza, kisha tutapita langoni." Akamgeukia Borafya. "Utatuombea, siyo?"

Borafya alitoa simu mfukoni. Watu walipokuwa wakitia udhu, alionekana pembeni ya msikiti na simu sikioni, akizunguka, akiweka simu ya kwanza, akichukua ya pili. Waliosimama naye safuni walisema baadaye kwamba alitoa salamu ya mwisho kabla ya imamu.

Wanawake walibaki nyumbani, kama inavyopasa, lakini nyumba ile ililitazama lango. Walisimama uani nyuma ya ua wa makuti na kuona yote. Jeneza lilikuja juu ya mabega, limefunikwa kanga ya kijani, wanaume wa Kidungwi nyuma yake, wakimtaja Mungu. Likasimama mbele ya lango la Marijani. Mlinzi alirudi nyuma hatua mbili, akashika redio yake. Gari la mpangaji mmoja lililokuwa linatoka lilizima injini.

Borafya alitoa kadi yake, akaigusisha, na lango dogo la watu likafunguka. Lilikuwa la mtu mmoja mmoja. Jeneza halikupita.

Baada ya muda alitoka Bwana Ghanim, meneja wa Marijani, mtu wa Mji Mkongwe, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi vizuri. Alisimama karibu na jeneza, akasoma fatiha, akatoa pole kwa kila aliyemkaribia. Hakuwa mtu mbaya. Kisha Borafya alimshika mkono akamvuta pembeni, lakini hapakuwa na pembeni. Wanaume walikuwa wamewazunguka.

"Bwana Ghanim, nakuomba," Borafya alisema. "Kaburi moja. Mama yangu."

"Siwezi, Borafya. Wenye nyumba wameandikiwa kwamba hapazikwi tena mtu. Siyo mimi ninayeamua."

"Nakupigia magoti."

"Usinipigie magoti. Inuka." Ghanim aliwatazama watu waliobeba jeneza, na labda aliogopa kwamba lawama yote itabaki kwake na kampuni yake. Akasema kwa sauti ya kusikika, "Weye si ndiye uliyetwambia? Sisi tulitaka kuupitisha ukuta huku nyuma, makaburi yabaki kwenu. Weye ulikaa mbele yangu ukasema watu wa Kidungwi wameridhika, chukueni mpaka pwani, makaburi yameshafungwa siku nyingi. Mimi nilikuuliza mara mbili."

Mtu mmoja katika wabebaji alibadilisha bega. Jua lilikuwa utosini na kanga ya kijani ilikuwa imetulia, hapana upepo hata wa kuigusa ncha.

Uani, wanawake walikuwa wamemgeukia Mwanakheir. Yeye hakuwatazama. Alikuwa amekamata ua wa makuti kwa mikono miwili, anamwangalia Borafya akikaa kitako juu ya ukingo wa barabara, kofia imeanguka, kanzu ndani ya vumbi, kati ya miguu ya watu aliowauza, mama yake juu ya kichwa chake akingoja. Ndivyo alivyotaka. Alikuwa ameliota hili kwa miaka, na lilikuwa kubwa kuliko ndoto. Kifua chake kilijaa kitu cha moto, kitamu, akakiacha kijae.

Mzee Ayoub ndiye aliyemaliza. "Maiti hawekwi juani," alisema. "Twendeni."

Jeneza likageuka, likaenda kwenye mawe nyuma ya kituo cha umeme. Borafya aliinuka akafuata nyuma kabisa, na hapana aliyempisha kushika mti wa jeneza la mama yake.

Wanawake walitawanyika kwenye kazi za msiba. Mwanakheir alikuwa akikunja mkeka wa maiti, Badria akaingia chumbani akafunga mlango.

"Shangazi, bibi alikwambia lini ule wosia?"

Mwanakheir angeweza kusema jana. Hakusema. "Wiki moja sasa."

"Baba alikuuliza Ijumaa. Kanambia kwamba alikuuliza."

"Aliniuliza."

"Angeweza kuomba. Pengine wangemkubalia, bibi angekuwa na babu sasa hivi."

"Pengine."

Badria alikuwa mjamzito, mkono wake uko tumboni. Hakulia. "Baba yangu alifanya alichofanya, leo nimekisikia na sina la kumtetea. Na harusi yangu nilikusamehe, nilisema una uchungu wako. Lakini bibi alikulea weye. Umemchukua bibi yangu ukampigia naye baba." Akafungua mlango. "Hilo sikusamehe."

Mwanakheir aliendelea kuukunja mkeka. Aliukunja, akaukunjua, akaukunja tena.

Borafya hakukaa matanga mpaka mwisho. Hapakuwa na wa kumpa mkono. Mjini nako habari ilifika kabla yake. Mlandege watu wa kusini ni wengi, na mmoja mmoja walianza kununua waya na taa duka la pili. Siku ya arubaini alikuja Kidungwi kwa miguu kutoka kituoni. Alikuwa amekonda. Alivua viatu mlangoni kwa Mwanakheir kama zamani, lakini hakuingia.

"Dada, nimekuja kutaka radhi. Nilitamani. Waliniambia wakipata pwani yote nami nitapata sehemu, nikatamani. Sina la zaidi."

Alikuwa anasema kweli, na ilikuwa mara ya kwanza tangu vile vijiti vyekundu. Mwanakheir alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ulikuja jikoni kwangu," alisema, "ukautia uongo wako mdomoni mwangu, ukanituma nikautembeze. Wanawake wale hawajaniamini tena kama zamani mpaka leo. Na Jaku simfikii. Sina radhi ya kukupa. Siku ukiipata ya mama yako, njoo tena."

Lilikuwa neno la kuumiza na alilichagua kwa kuumiza. Borafya aliinama, akavaa viatu. Hajarudi. Wanasema ameliuza duka na yuko Dar es Salaam kwa ndugu wa mkewe.

Marijani inaendelea kukua. Mwaka huu wamechora sehemu ya pili, ng'ambo ya kituo cha umeme, na ramani yake inagusa makaburi mapya kwa pembe moja. Bwana Ghanim alikuja mwenyewe jikoni kwa Mwanakheir, kwa sababu aliambiwa kwamba wanawake wa Kidungwi hawatii saini kitu asichokiona yeye. Mwanakheir alimkaribisha, akampa kahawa, akamwambia airudishe ramani ofisini kwake na ailete siku ya mkutano, itandazwe chini msikitini watu wote waione, na kwamba kabla ya hapo anataka lango la Marijani lifunguliwe kwa watu wa Kidungwi kila Idi na kila Ijumaa, bila ya ruhusa na bila ya kuulizwa mtu namba ya nyumba. Ghanim alisema atalifikisha. Mwanakheir alisema ana muda, na kwamba njia ya malori ya sehemu hiyo inapita kwenye shamba aliloachiwa na Jaku.

Badria alijifungua mtoto wa kike, akamwita Mwanamwema. Habari hiyo Mwanakheir aliipata kwa Saadiya, ambaye naye siku hizi humsemesha yanayolazimu tu. Alishona kofia ndogo ya uzi mweupe, akaipeleka mjini, akaiacha kwa jirani, maana mlango wa Badria haukufunguliwa. Usiku husali rakaa zake akamwombea Bi Mwanamwema, na kumwomba radhi. Yule hamwombei.